Taarifa ya Mwenyekiti wa Tawi la Wahudumu wa Ndani ya Ndege kwa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka nisome taarifa hii kabla hatujaingia kwenye ajenda nyingine. Nawashukuru mliofika. Kabla sijasimama nimehesabu vichwa, tupo 58. Tawi lina wanachama 214. Wenzetu kama 40 wako angani au wamelala vituoni, hao hawana kosa. Waliobaki sijui wako wapi, ila kwenye kundi la simu jana usiku walikuwepo wote. Kwa kuwa mkutano huu umeitishwa kwa mara ya pili baada ya ule wa kwanza kukosa akidi, katiba inaturuhusu kuendelea na waliopo.

SHUGHULI ZA KAWAIDA

Kamati ilikaa vikao sita. Mei Mosi tuliandamana, fulana zilichelewa. Tulizika mara nne na kuchangia harusi mbili. Wanachama wapya ni 11, waliostaafu watatu. Semina ya afya kazini ilifanyika, na waliokuwepo wanakumbuka chakula kilivyokuwa. Haya mnayajua, sitayarudia.

NOTISI YA MGOMO

Hapa ndipo penye maneno, na nitasema kwa kirefu kwa sababu nimesemwa kwa kirefu.

Madai yetu yalikuwa mawili. La kwanza ni malipo ya ardhini. Mhudumu analipwa saa za safari kuanzia ndege inaposukumwa kutoka maegeshoni. Kupokea abiria, kupanga mizigo kwenye makabati, kumtafutia mzee miwani iliyoanguka chini ya kiti, kukaa saa mbili mlango wazi pale uwanja wa Julius Nyerere tukisubiri fundi huku abiria wanatugombeza sisi, yote hayo ni bure. La pili ni zamu za kusubiri: umevaa, umechana nywele, simu mkononi tangu saa kumi alfajiri, usipoitwa hulipwi kitu.

Tulifuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hatua kwa hatua. Mgogoro tuliupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi zikaisha bila mwafaka. Tukapiga kura mwezi Agosti: kura 138, waliotaka mgomo 117. Uongozi wa juu wa chama ukabariki, tukampa mwajiri notisi ya saa 48. Zikiwa zimebaki saa saba, nikaiondoa notisi.

Barua ya kuiondoa nilisaini mimi. Katibu alikuwa safarini, makamu simu yake haikupatikana. Simtupii mtu mzigo.

Ni kwa nini? Jioni ile wakili wetu aliniita ofisini kwake, akanifungulia daftari la wapiga kura na kunionyesha majina 23. Wengine mikataba yao iliisha tangu Februari. Wawili wameshahamia Uarabuni na wanatuma picha za Doha. Mmoja, Mungu amrehemu, tulimzika Aprili, na kuna mtu amesaini mbele ya jina lake. Mwajiri alikuwa na orodha ya mishahara. Angechukua dakika kumi kulinganisha.

Najua jibu lenu, nimelisoma mara nyingi: toa hao 23, hata kama wote walisema ndiyo, bado ni 94 kati ya 115. Hesabu ni sahihi. Lakini British Airways, Desemba 2009, wahudumu walipiga kura ya mgomo wa siku 12 kuanzia tarehe 22, wakati wa Krismasi. Waliokubali walikuwa asilimia 92.5. Kampuni ikaenda mahakamani na hoja moja: miongoni mwa waliopigishwa kura walikuwemo watu wanaoondoka kazini kwa hiari. Kuwatoa kusingebadili matokeo hata kidogo. Jaji akaweka zuio hata hivyo, mgomo ukafa siku tano kabla ya kuanza. Pale ni Uingereza na sheria yao ni yao. Lakini sheria yetu inapokataza mwajiri kuleta watu mbadala, inamkataza katika mgomo halali. Kura ikiwa na doa, kinga hiyo inaondoka, na anayebaki uwanjani bila mwavuli ni wewe uliyegoma.

Na watu mbadala walikuwepo. Hili sikulisoma mahali, nililiona. Wiki mbili kabla ya notisi nilikwenda chumba cha mafunzo kurudisha fomu yangu ya kozi ya marejeo. Mlango wa mfano wa ndege ulikuwa umefunguliwa, na aliyesimama pale akipiga kelele "Fungua mkanda! Acha mzigo! Ruka!" ni dada wa idara ya mapato, yule anayetukataa risiti za teksi. Viatu vya kisigino amevivua na kuvipanga ukutani vizuri. Sauti ilimkauka mara ya tatu. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya wahasibu, watu wa tiketi, na kijana wa kompyuta. Niliwahesabu 16. Kwa kanuni ya mhudumu mmoja kwa kila viti 50, ndege ya viti 130 inataka wahudumu watatu. Watu 16 ni ndege tano, na mmoja wa kukaa akiba. Hawana haja ya kujua kumimina kahawa kwenye mtikisiko. Wanahitaji cheti cha usalama tu.

Baadaye, kwenye kikao cha menejimenti, karatasi yenye kichwa "Mpango wa Dharura" iliachwa mezani mbele yangu mtu alipotoka kupokea simu. Kulikuwa na safari zitakazofutwa, zitakazounganishwa, na ndege za kukodi zinazokuja na marubani na wahudumu wake. Kuna wanaosema waliiacha makusudi niione nitishike. Inawezekana. Lakini karatasi ya kutisha inaweza pia kuwa ya kweli.

Maana ndivyo walivyofanya Waingereza. Wahudumu wa British Airways walirudi na kura mpya, wakagoma siku 22 kati ya Machi na Juni 2010. Kampuni ikafundisha wafanyakazi wa idara nyingine waliojitolea, ikakodi ndege pamoja na wahudumu wake, ikawanyang'anya waliogoma tiketi zao za punguzo. Mgomo uliigharimu zaidi ya pauni milioni 150, nayo ikalipa. Mwafaka ulipatikana 2011. Mwaka 2017, wahudumu wapya wa kampuni ile ile walipogoma, zikaletwa ndege tisa za Qatar Airways kuziba pengo.

"Mbona Wakanada wamewezaje?" Swali hili nimeulizwa hadi msibani. Ni kweli, Agosti hiyo hiyo wahudumu wa Air Canada waligoma kwa dai lililofanana na letu, serikali ikawaamuru warudi kazini ndani ya siku hiyo hiyo, wakakataa, na tarehe 19 makubaliano yakapatikana yenye malipo ya ardhini. Nilifurahi kama ninyi. Lakini wale ni kama 10,000, na kura yao ya mgomo ilikuwa asilimia 99.7. Hata hivyo, kipengele cha mishahara walikipigia kura baadaye na kukikataa kwa asilimia 99.1, kwa hiyo wao wenyewe hawakuona kwamba wameshinda kila kitu. Sisi tungekaa siku ngapi bila mshahara? Nakuja huko kwenye fedha.

Baada ya kuondoa notisi nilirudi mezani, na naomba iandikwe kwamba nilirudi peke yangu, kwa sababu wajumbe wawili wa kamati walijiuzulu kupitia ujumbe wa sauti. Tulichopata: dakika 45 za ardhini kabla ya kila safari kwa nusu ya kiwango, na barua za onyo za wenzetu watatu zimefutwa. Zamu za kusubiri hatukupata. Kulala wawili chumba kimoja vituoni kunaendelea. Si haba, ingawa wako mnaosema ni haba.

Kuhusu picha. Picha iliyosambazwa ikinionyesha nimeinama nikicheka na mkurugenzi wa rasilimali watu ilipigwa ndani ya ndege ya Mwanza. Nilikuwa kazini, yeye alikuwa abiria wa kiti 2A. Nilikuwa nampa juisi ya embe. Aliyepiga picha alikuwa safu ya tatu na yeye pia nilimpa juisi.

FEDHA

Mfuko wa mgomo na kusaidiana tulikubaliana 20,000 kwa mwezi, kwa mkono au kwa simu. Tulitegemea 51,360,000. Zilizoingia ni 13,420,000. Matumizi: rambirambi 2,400,000, wakili 3,500,000, ukumbi na usafiri 1,180,000. Salio ni 6,340,000. Gawanya kwa watu 214, kila mmoja anapata 29,626. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha mgomo.

Waliolipa miezi yote 12 ni 31. Kati ya waliosimama ukumbini Agosti wakisema mwenyekiti ni mwoga, niliokagua majina yao ni tisa, na anayelipa ni mmoja. Huyo namheshimu na maneno yake nimeyapokea.

MWAKA 2026

Tunatarajia kulirudia suala la zamu za kusubiri wakati wa kujadili upya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, muda ukiruhusu. Tunaangalia pia uwezekano wa kuwa na ofisi yetu, pengine kwa ushirikiano na wadau. Semina itakuwepo hali ikiruhusu.

Daftari la wanachama linaandikwa upya kuanzia leo. Mweka hazina amekaa meza ya nyuma karibu na chai. Uje na kitambulisho cha kazi na mkataba unaoendelea, na aliyefiwa na mwanachama mwenzake asimsainie.