Umelalaje? Kuhusu gesi ya radoni na kipimo kinachokaa chumbani miezi mitatu

Mnyakyusa akikusalimu asubuhi husema "Ugonile", yaani anataka kujua kama umelala. Wateja wetu wa Tukuyu wakipiga simu huanza hivyo. Tukishaitikia, tunawarudishia swali lilelile kikazi: umelala chumba gani, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, sakafu ina ufa? Ofisi yetu ndogo hapa Soweto, Mbeya, ilianza na mambo ya unyevu, kuta zinazotoa chumvi, fangasi nyuma ya kabati na dari za jipsamu zenye madoa. Siku hizi kuna swali linarudi kila baridi ikianza, na mara nyingi linaletwa na mtu mwenye ndugu Ulaya au Marekani: "Eti kuna gesi inaitwa radoni inatoka chini ya nyumba. Ni kweli au ni biashara za watu?"

Gesi ni ya kweli. Biashara za watu nazo zipo, tutazifikia.

Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Karibu kila mwamba na kila udongo una urani kidogo ndani yake. Urani hiyo huvunjika taratibu sana, kizazi baada ya kizazi, mpaka inakuwa radiamu, na radiamu ikivunjika inazaa radoni. Hapo mambo yanabadilika, kwa sababu wazazi wake wote ni vitu vigumu vinavyobaki ndani ya jiwe, ila yeye ni gesi. Anapenya kwenye vinyweleo vya udongo na kupanda juu. Akitokea shambani anapotelea hewani, hana madhara ya kuzungumzia. Akitokea chini ya jamvi (zege la sakafu) la nyumba yako anaingia kwenye ufa wa sakafu, kwenye kona ambapo ukuta na sakafu havikushikana vizuri, au pembeni ya bomba la choo ambalo fundi hakuliziba, na akishaingia ndani anakwama.

Kabla ya kwenda mbele, tafadhali msichanganye hii na jiko la mkaa. Jiko likiwekwa chumbani usiku ili kuota moto linaua kabla hakujakucha, na kipimo cha radoni hakina uwezo wa kulizuia. Jiko litoeni nje leo. Radoni tutaiongelea kwa utulivu, kwa sababu kazi yake ni ya miaka.

Na kazi yenyewe ni hii. Radoni inavunjika, nusu yake kila baada ya siku 3.8, na inaacha watoto ambao si gesi tena: poloniamu, risasi na bismuthi, chembe ndogo mno zinazoganda kwenye vumbi la hewani. Unavuta vumbi, chembe zinatua kwenye mapafu, zinaendelea kuvunjika palepale na kurusha mionzi ya alfa. Mionzi hii haivuki hata karatasi ya daftari, lakini ndani ya pafu hakuna karatasi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu radoni kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara, na linakadiria kwamba kwa mvutaji hatari ya radoni ni kama mara 25 ya asiyevuta. Kwa hiyo mteja anayetaka tumpimie chumba huku ana sigara mkononi tunamwambia ukweli bila kumung'unya: anza kwa kuacha hiyo, kuacha hakuna gharama.

Hakuna kikohozi cha radoni. Haileti kichwa kuuma, haileti mafua, na hakuna kipimo cha damu cha kawaida cha kuitafuta. Mtu anayekohoa wiki mbili aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu, asitupigie sisi.

Sasa kwa nini huku kwetu swali hili lina maana kuliko, tuseme, Dar es Salaam? Kwanza ni baridi. Mtu wa pwani analala dirisha wazi na feni inazunguka, hata radoni ikiingia haipati nafasi ya kukaa. Mtu wa Mbeya, Njombe au Makete mwezi Juni anafunga kila kitu saa kumi na mbili jioni na kujaza nguo chini ya mlango. Zaidi ya kufunga, kuna mvuto. Hewa ya ndani yenye joto inapanda na kutokea darini, na nyumba inafidia kwa kunyonya hewa kutoka chini, ikiwemo ile iliyo kwenye kifusi chini ya sakafu. Nyumba za zamani zenye madirisha ya luva na vigae vilivyoachana zilikuwa zinavuja hewa kila upande. Hizi mpya za madirisha ya alumini, dari iliyozibwa na malumalu ukuta kwa ukuta ni nzuri kwa baridi, ila zinashika hewa kama chupa ya chai.

Pili ni ardhi yenyewe. Iringa mjini imekaa katikati ya majabali ya graniti, Gangilonga likiwa moja tu kati yake, na graniti kwa kawaida hubeba urani zaidi ya miamba mingine mingi. Mbeya tumekaa kwenye makutano ya matawi ya Bonde la Ufa, na mipasuko ya ardhi ni njia ya gesi. Wilayani Rungwe kaboni dioksidi inatoka ardhini kwa wingi kiasi kwamba inavunwa na kuuzwa, na gesi inayopanda kwa nguvu namna hiyo inaweza kubeba radoni njiani kama basi linavyookota abiria. Songwe kuna kilima cha Panda chenye madini ya niobi, na madini ya aina ile mara nyingi huwa na urani kidogo ndani yake, na thori, ambayo nayo ina mionzi.

Hapo ndipo wengi wanaruka kwenda kwenye hitimisho: basi nyumba zote za Mbeya ni mbaya. Hapana. Mawe meusi ya volkeno aina ya basalti huwa na urani kidogo. Nyumba mbili zenye uzio mmoja zinaweza kupishana vibaya, kwa sababu moja jamvi lake ni zima na nyingine lina ufa unaopitisha kalamu. Huko Pennsylvania, Marekani, mwezi Desemba 1984, mhandisi mmoja aitwaye Stanley Watras alikuwa akiliza kengele za mionzi kazini kwake, kwenye kituo cha nyuklia cha Limerick, wakati ambapo kituo kilikuwa bado kinajengwa. Mionzi alikuwa anaitoa nyumbani. Sebule yake ilikutwa na karibu bekereli 100,000 (bekereli ni kipimo cha mionzi, tunakieleza hapo chini) katika kila mita moja ya ujazo, na majirani hawakuwa na kiwango kama hicho. Kwa hiyo mteja anayetuuliza "kwa jirani mlipata ngapi?" hatumjibu, kwanza kwa sababu ni siri ya jirani, na pili kwa sababu haimsaidii.

Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita tatu, ni mita za ujazo 27. Kikiwa na bekereli 100 kwa kila mita, basi kila sekunde unayolala humo atomu 2,700 za radoni zinavunjika. Mia hiyo ndiyo kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isikivuke, na pale inaposhindikana, isivuke 300. Wamarekani wao wanasema rekebisha ukifika 148. Hewa ya nje kwa kawaida ina kati ya 5 na 15. Hakuna sifuri popote.

Kuhusu kupima, hapa ndipo tunapogombana na wateja kwa upendo. Kila mtu anataka jibu Ijumaa. Tuna kifaa cha umeme kinachosoma kila saa, na tulipokiacha ofisini kwetu usiku kucha, namba ya alfajiri ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya saa tisa alasiri. Nyumba ileile, siku ileile. Sasa mtu akija na kifaa hicho sebuleni kwako, akakaa saa moja akinywa chai, kisha akakuandikia cheti, amekupima saa moja ya chai. Akija alfajiri atakutisha na akija mchana atakubembeleza. Tumekutana na nyumba ambayo mwenyewe alishauziwa "mashine ya kusafisha radoni" ya kuchomeka ukutani baada ya kipimo cha dakika kumi. Mashine ilikuwa inatoa harufu ya ndimu.

Kuna vikopo vya mkaa maalumu vinavyokaa siku chache kisha vinapelekwa maabara. Ni vizuri kwa anayeishi mtaa wa pili na maabara. Lakini radoni iliyonaswa kwenye mkaa inaendelea kufa nusu kila siku 3.8. Kifurushi kikisafiri siku nane tu, kimebaki na robo. Kutoka Mbeya mpaka maabara ya nje ya nchi unaelewa mwenyewe.

Ndiyo maana sisi tunatumia vikopo vidogo vyeusi vya plastiki vinavyoingia kiganjani. Havina betri, haviwaki taa, havitoi mionzi yoyote. Ndani kuna kipande cha plastiki maalumu, na kila chembe ya alfa inayokigonga inaacha kovu lisiloonekana kwa macho. Maabara wanakichovya kwenye kostiki soda ya moto, ileile ya wapika sabuni, makovu yanapanuka, kisha yanahesabiwa kwa darubini. Kovu halifi njiani, hata kifurushi kikichelewa. Kikopo kinakaa chumbani miezi mitatu bila kupungua, na wenye subira tunawaachia mwaka mzima.

Tunaanza na chumba cha kulala cha chini, kwa sababu huko ndiko mtu anakaa saa nyingi mfululizo. Kikopo kiwe juu ya sakafu angalau nusu mita, mbali na dirisha na ukuta wa nje, kisipigwe jua. Jikoni na bafuni hapana. Baada ya hapo, ishi kama unavyoishi. Hili tunalirudia kwa sababu mama mmoja wa mtaa wa Forest hapa mjini, mtu mwenye nidhamu sana, alifungua madirisha yote miezi mitatu ili nyumba yake "ifaulu". Ilifaulu kweli, na watoto walipata mafua.

Msimu nao una neno. Tukipima Juni mpaka Agosti, namba huwa inaelekea juu kuliko wastani wa mwaka, maana nyumba zimefungwa. Kwa hiyo ikitoka chini ya 100 kwenye baridi kali, lala salama, rudia tu ukibomoa sakafu au ukibadilisha madirisha. Ikitoka juu ya 100, tunakushauri msimu mwingine wa kipimo kabla ya kutumia hela nyingi. Ikitoka juu kabisa ya 300 hatuna sababu ya kukusubirisha.

Wapangaji wa ghorofani kwa kawaida wana nafuu, kwa kuwa gesi inatoka chini na inapungua kadiri unavyopanda. Wa chini ndio wa kupimiwa kwanza, hasa vile vyumba vilivyochimbiwa ndani ya kilima, ambavyo mji huu wa miteremko unavyo vingi: mbele ni chumba, nyuma ni udongo mpaka dirishani. Tofali na malumalu huchangia kidogo ukilinganisha na ardhi. Mpangaji anaweza kupima bila kumuomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa chochote. Kurekebisha ndiko kunakohitaji mazungumzo.

Marekebisho hayana uchawi. Kuziba nyufa kunasaidia, ila peke yake mara nyingi hakutoshi, gesi inatafuta upenyo mwingine. Kufungua hewa kunasaidia papo hapo, mpaka baridi ikushinde. Dawa yenyewe ni kutoboa jamvi, kuingiza bomba la inchi nne mpaka kwenye kifusi, kulipandisha mpaka juu ya paa na kuweka feni ndogo inayonyonya muda wote. Gesi inavutwa kabla haijaingia ndani. Umeme ukikatika feni inasimama na gesi inaanza kurudi, kwa hiyo tunakuwekea taa ya kukuonyesha.

Lakini kama unajenga, na bado uko kwenye msingi, tupigie kabla ya kumwaga jamvi. Wengi huku tunajenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, kwa hiyo nafasi ipo. Kulaza bomba kwenye kifusi, kutandika nailoni ngumu isiyotobolewa na koleo la fundi, na kuacha mdomo wa bomba uliofunikwa ukisubiri ni kazi ya nusu siku. Huenda usiuhitaji kamwe. Ukiuhitaji, hutapasua malumalu.

Vikopo vya baridi ya mwaka huu tunaviweka majumbani kuanzia wiki ya kwanza ya Juni, Mbeya mjini, Uyole, Tukuyu na Mbalizi. Iringa na Mafinga tunakwenda safari moja, kwa hiyo wa huko mjiandikishe mapema, kamwene, kama mnavyosalimiana. Tunavikusanya Septemba. Na tunaomba sana, mkishawekewa, msikifungie kikopo kabatini ili kisipotee. Mwaka jana tulipima kabati mbili.