Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, shikamooni. Wahitimu, hongereni. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumezoea kusoma risala za malaria na kipindupindu. Safari hii tumeona tuseme juu ya vitu vinavyomdhuru mtu ingawa si vijidudu wala sumu: jua, kelele, radi na baridi. Tutakaa zaidi kwenye jua, kwa kuwa hapa kwetu ndilo linalodharauliwa kuliko yote.

Mgeni akishuka kwenye basi la Dar es Salaam huomba sweta, kisha husema Mbeya hakuna jua. Joto halipo, mionzi ipo. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, huongezeka kwa asilimia 10 hivi, maana hewa ya kuichuja inapungua. Isitoshe, mwezi huu wa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Ngozi inaungua huku mwili unasikia ubaridi, hivyo hakuna anayekumbuka kivuli.

Wanaoumia zaidi ni wenzetu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini, yaani rangi asilia inayoikinga na jua, kidogo mno au haina kabisa. Huanza na mabaka magumu, kisha vidonda visivyopona midomoni, masikioni na shingoni, na vikipuuzwa huweza kugeuka saratani. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua hupunguza sana hatari hiyo. Mafuta yenyewe hayatoki mbali: hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza yanayoitwa Kilisun. Lakini sare yetu bado hairuhusu kofia mstarini, na siku ya matangazo mengi (walimu wetu mtuwie radhi) mstari huo si mfupi.

Kuhusu kelele, mashine ya kupasua mbao iliyo nyuma ya uzio hutunyima nusu ya somo. Wanaoiendesha wako pabaya kuliko sisi, kwani kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huua taratibu chembe za kusikia ndani ya sikio, na zikifa hazirudi.

Mvua nazo zinakaribia. Ukiona umeme na ngurumo ikafika kabla hujamaliza kuhesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, ingia ndani. Sisi hukimbilia chini ya mikaratusi ya uwanjani, mahali pabaya kuliko pote. Baridi ya Juni na Julai tutaigusa tu: humshawishi mtu kufungia jiko la mkaa chumbani, na hewa yake ya sumu haina harufu ya kumwamsha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kupata kinga ya radi kwenye paa la bwalo, na mafuta ya kukinga jua kwa wenzetu wenye ualbino. Kofia pana tunamwomba Mkuu wa Shule aiingize kwenye sare kuanzia Januari. Mwenye mashine ni mzazi mwenzenu na tumemwona hapa ukumbini. Hatumwambii ahame, tunamwomba apasue mbao baada ya saa tisa, na vijana wake awanunulie vizibo vya masikio.

Tunaomba kuwasilisha.