Wanavyuo wa Dodoma, isomeni Wikipedia lakini msiibe tanbihi zake

Wajukuu zangu wa UDOM, Mtakatifu Yohana, Mipango na CBE, mbukwenyi.

Msimu wa tasnifu umewadia na swali mnaloniletea ni lile lile: Wikipedia inaruhusiwa? Wapo wahadhiri wasiotaka hata kuisikia ikitajwa. Mimi siko upande wao. Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala za sayansi za Wikipedia na za Britannica, likakuta wastani wa makosa kama manne kwa kila makala huku na matatu kule. Kwa kazi ya watu wa kujitolea, si haba. Kwa hiyo isomeni, mpate picha ya mada na majina ya waliowahi kuichimba.

Ila msiitaje kwenye marejeo. Wikipedia wenyewe wanawaambia hivyo. Kamusi elezo yoyote, hata ile nene ya kabatini, inasimulia utafiti wa wengine, na ninyi mnatakiwa mwende kwa hao wengine.

Sasa niseme linaloniudhi hasa. Mwanafunzi anaandika juu ya karanga za Kongwa, ule mradi wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Anafungua makala, anateremka hadi chini, anabeba tanbihi nzima pamoja na namba ya ukurasa, anaibandika kwenye kazi yake. Kitabu chenyewe hajakiona hata jalada. Siku ya kutetea, mtahini anamuuliza kwa upole: "Huyu mwandishi uliyemtaja analaumu nini zaidi, udongo au mashine?" Kijana anatazama dari. Angekisoma angekutana na ule mfinyanzi unaokauka kiangazi ukawa kama saruji, karanga zikagoma kung'oka. Bora angeitaja Wikipedia waziwazi. Angekatwa maksi chache, basi. Kudai umesoma usichosoma ni udanganyifu, na msimamizi mwenye macho anaujua mapema kuliko mnavyodhani.

(Za akili mnemba nitawaandikia siku nyingine, zile hubuni hata vitabu visivyokuwapo.)

Takwimu nazo zina mtego wake. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Dodoma watu 2,083,588. Ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Ukinakili makala ambayo haijaguswa tangu sensa ile ya kwanza, umewafuta watu zaidi ya milioni moja kwa mstari mmoja. Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu makao yake makuu yako mjini humu humu! Ripoti za sensa zipo kwenye tovuti yao bure, bando dogo tu linatosha. Ukitaka zaidi ya hapo, omba chuoni barua ya utambulisho uende mwenyewe.

Mkikuta kosa kwenye makala, msicheke mkapita. Bonyezeni sehemu ya kuhariri, rekebisheni, wekeni chanzo mlichokisoma kweli. Wikipedia ya Kiswahili ina makala za kata na wilaya zetu zenye mistari miwili mitatu tu, na wa kuzijaza ni ninyi mnaotoka Mpwapwa, Chamwino, Bahi na Kondoa.

Babu yenu, mkutubi mstaafu,
Dodoma