Msiwabebeshe Wayahudi hukumu ya Pilato

Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nilipokuwa katekista kijana, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika ile habari yenu ya igizo la Ijumaa Kuu, chini ya picha kubwa mmeandika: "Wayahudi wakimgongomea Yesu msalabani." Hebu itazame tena picha yenyewe. Vijana wenye nyundo wamevaa kofia za askari wa Kirumi. Wamehangaika kukata maboksi, wakayapaka rangi ya fedha na kubandika manyoya mekundu utosini, ili kila mtazamaji ajue hao ni Warumi. Vijana wa kigango walijua, mwandishi wako hakujua, na wewe uliyepitisha ukurasa hukuuliza.

Usiniambie ni kosa dogo la maelezo ya picha. Kila Jumapili tunasimama kanisani na kukiri kwamba Yesu aliteswa kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato. Mtu huyo alikuwa liwali wa Kirumi katika Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na jiwe lililochongwa jina lake lilifukuliwa Kaisaria mwaka 1961. Kusulubisha ilikuwa adhabu ya Warumi kwa watumwa na waasi, na shtaka lililobandikwa juu ya msalaba lilikuwa la siasa: Mfalme wa Wayahudi. Injili hazifichi kwamba Kayafa na wakuu wa makuhani walimpeleka Yesu kwa Pilato, nami siwezi kulificha. Lakini wanawake waliomfuata njiani wakilia walikuwa Wayahudi. Mama yake aliyesimama chini ya msalaba alikuwa Myahudi. Yosefu wa Arimathaya, aliyeuomba mwili akauzika, alikuwa mjumbe wa baraza lile lile la Kayafa. Na Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane na alisoma kitabu cha nabii Isaya katika sinagogi la Nazareti.

Sasa nikueleze kwa nini nimekasirika kiasi hiki. Mjukuu wangu yuko kwenye mafundisho ya Kipaimara. Siku moja alirudi nyumbani na daftari lenye swali: "Ni nani waliomuua Yesu?" Yeye alijibu, "Ponsyo Pilato na askari wake." Mwalimu akampa kosa kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika "Wayahudi" na kulipigia neno hilo mistari miwili. Nikaenda kumwona. Hakunibishia kwa ukali, alinifungulia Mathayo 27:25, pale umati unaposema "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu", akaniambia, "Mzee wangu, si wamejilaani wenyewe?"

Mhariri, kwa mstari huo watu wamechinjwa. Umati uliojaa uani kwa Pilato asubuhi moja ungewezaje kuwafunga kwa kauli hiyo Wayahudi wa Galilaya, wa Aleksandria na wa Roma, ambao hata habari hawakuwa nayo, sembuse watoto ambao hawajazaliwa? Wakristo wa kwanza wote walikuwa Wayahudi, na hekaluni waliendelea kusali. Mitume walipokutana Yerusalemu mnamo mwaka 49, walikuwa wakiulizana kama sisi watu wa mataifa tunaweza kuingia bila kutahiriwa. Sisi ndio tuliokuwa wageni! Mwaka 70 Warumi wakalichoma hekalu, na ugomvi kati ya waliomwamini Yesu na ndugu zao wa masinagogi ukazidi kuwa mkali. Ukali huo unasikika ndani ya Injili zenyewe, nao ni ukali wa watu wa nyumba moja. Baadaye Kanisa likajaa watu wasio Wayahudi, na maneno yale yakawa silaha mikononi mwa wageni. Karne ya pili askofu Meliton wa Sardi alihubiri Pasaka kwamba Israeli imemuua Mungu. Mwaka 386 na 387 Yohane Krisostomo, ambaye ninamheshimu kama mtakatifu na mwalimu wa Kanisa, alitoa huko Antiokia hotuba za matusi dhidi ya Wayahudi. Na sababu ilikuwa nini? Wakristo wake walipenda kwenda sinagogi wakati wa sikukuu, hata viapo wengine waliona heri kula huko, maana kiapo cha sinagogi kiliogopwa zaidi. Majirani walikuwa wakipatana, mimbari ikawatenganisha. Mwaka 1096 watu wa Vita vya Msalaba, waliojishonea msalaba nguoni, waliwaua Wayahudi wa Worms na Mainz huko Ujerumani kabla hata ya kuiona njia ya Yerusalemu.

Na jibu limekwisha kutolewa. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza katika Nostra Aetate, tamko lake kuhusu dini zisizo za Kikristo, kwamba yaliyotendeka katika mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kutofautisha, wala juu ya Wayahudi wa leo. Mwalimu yule hakuwa amezaliwa. Kwa nini basi bado anafundisha yale yaliyokataliwa kabla yake? Waliomfundisha wako wapi?

Hapo hapo kuna jambo jingine linaloniumiza. Wahubiri wanauza chupa za mafuta "ya Israeli" na maji ya Yordani, wanapuliza baragumu la pembe, wanajitanda shali za sala za Kiyahudi, kisha katika mahubiri yale yale wanawaita Wayahudi wauaji wa Bwana. Shali ile ina wenyewe, wanaoivaa asubuhi wakisali hadi leo. Wala hawako mbali. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi, ambao walianza kiongozi wa kijeshi wa Kiganda Semei Kakungulu alipotahiriwa mwaka 1919, na ambao Idi Amin aliwapiga marufuku kufuata dini yao. Mtoto wa Mbale anayewasha mshumaa wa Sabato Ijumaa jioni amemwaga damu ya nani?

Naomba haya yafanyike. Gazeti lichapishe tena picha ile, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, na chini yake paandikwe "Askari wa Kirumi". Parokia nazo, kila Ijumaa Kuu kabla ya kusomwa Mateso, zisome sehemu ya nne ya Nostra Aetate. Ni dakika chache tu. Na wanaoandaa maigizo wawavalishe watu wa umati kanzu na vilemba vile vile wanavyowavalisha mitume na Mama Maria, wasiwatengee mavazi ya kutisha na ndevu za pamba.

Barua hii itoke kabla ya Pentekoste, maana siku hiyo tutasomewa Matendo ya Mitume sura ya pili, na watu kama elfu tatu wanaobatizwa humo ni Wayahudi na waongofu wa dini yao.

Katekista mstaafu,
Songea