Usinunue pawa saplai kwanza

Kampala

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetuandama, barabara ya kwetu imekuwa tope tupu. Natumaini jua la Arua halijawamaliza.

Picha ya zile namba za volti, feni na joto la kompyuta yako nimeipata, pamoja na maneno ya fundi kwamba pawa saplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme, imekwisha na ununue nyingine. Usimpe fundi wako hata shilingi kabla hujamaliza kusoma barua hii. Eti njia ya volti 12 imeshuka mpaka 3, na feni ya prosesa imekufa? Kompyuta ambayo volti 12 zimebaki 3 haiwaki, sembuse kuchapa kadi za harusi kutwa nzima! Chipu ya vipimo inasoma vizuri, na draiva, programu ya Linux inayoongea na chipu, inaripoti kile kile chipu ilichosoma. Ila hakuna aliyeiambia chipu wala draiva kwamba nyaya zinazoingia kwenye chipu zimeunganishwa na nini.

Chipu yako ni W83627HF ya Winbond, ya zamani lakini nzuri. Miguu yake (pini) ya kupimia volti haivuki volti 4.08, kwa sababu inahesabu hatua 255 tu, kila hatua milivolti 16. Volti 12 zingeiunguza. Kwa hiyo aliyetengeneza madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, huweka rezista mbili za kupunguza volti, kwa kawaida kiloomu 28 na 10, na chipu inaonja sehemu moja tu kati ya 3.8. Wewe umefungua faili la in4_input ndani ya /sys/class/hwmon ukakuta 3152. Hizo ni milivolti za kwenye mguu wa chipu, yaani volti 3.152. Zidisha kwa 3.8 upate 11.98. Hiyo ndiyo pawa saplai unayoambiwa uitupe! Kerneli, kiini cha Linux, haifanyi hesabu hiyo makusudi, maana rezista hutofautiana bodi kwa bodi. Kazi hiyo imeachiwa programu ya lm-sensors na faili lake la mipangilio.

Sasa feni. Umeniandikia mwenyewe kwamba upepo unaupata mkononi, halafu faili linasema 0. Chipu hii haihesabu mizunguko moja kwa moja. Inahesabu mapigo ya saa yake, ambayo ni 1,350,000 kwa dakika, kuona mangapi yanapita feni ikizunguka mara moja. Feni ikienda polepole, mapigo yanakuwa mengi, na hesabu ikifika 255 imejaa. Draiva inaandika 0. Kuna kigawanyo cha kupunguza mapigo hayo, fan1_div, na kwako kiko kwenye 2. Kwa kigawanyo hicho, feni yoyote iliyo chini ya mizunguko kama 2,650 kwa dakika itaonekana imekufa. Ingia kama root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, uende kwenye folda ya chipu, uandike:

echo 4 > fan1_div

Subiri sekunde mbili tatu, usome tena fan1_input. Nadhani utaona kitu kama 1896. Ikibaki 0, jaribu 8. Ikikataa hata hapo, ndipo uchunguze ule waya wa tatu wa feni, unaopeleka hesabu ya mizunguko. Lakini pwm1, faili la kasi ya feni, usiiguse! Ukiandika 0 humo, feni inaweza kusimama kweli.

Na ile nyuzi joto −48 ya temp3, kipimo cha tatu cha joto, isikutishe. Hata kileleni Rwenzori hakuna baridi ya namna hiyo. Mguu wa chipu wa kipimo hicho haukuunganishwa na kitu.

Ukishaona namba zinaeleweka, tengeneza faili ndani ya /etc/sensors.d, lipe jina lolote, uandike hivi:

chip "w83627hf-*"
label in4 "+12V"
compute in4 @*3.8, @/3.8
set fan1_div 4
ignore temp3

Kisha endesha sensors -s kama root, ili mipangilio hiyo iingie kwenye chipu. Chipu haikumbuki kitu umeme ukikatika, na kwenu najua unavyokatika, kwa hiyo amri hiyo lazima ijirudie kila kompyuta inapowaka. Mifumo mingi ya Linux hufanya hivyo yenyewe ukiwa umeweka lm-sensors, lakini hakikisha.

Hiyo 3.8 usiiamini bado. Washa upya, ingia kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla Linux haijaanza, tazama ukurasa wa volti, unitumie namba ya 12V iliyopo pale pamoja na jina la madabodi lililochapwa juu ya ubao wenyewe. Zikipishana sana na 11.98, basi rezista zao si 28 na 10, tutabadilisha hesabu. Na mwambie fundi akurudishie ile feni aliyoichomoa kwenye kompyuta ya pili, maana nayo inawezekana ni nzima.

Wasalimie nyumbani, hasa mama.

Ndugu yako,
Isa