Hewa iliyonaswa huharibu injini

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye magari na mafundi jambo linalopuuzwa kila maji ya rejeta yanapobadilishwa, nalo ni kutoa hewa. Pampu huyazungusha maji kwenye njia zilizo kandokando ya silinda, na themostati (vali inayofunguka kwa joto) huyazuia yasipite kwenye rejeta mpaka yafikie joto la nyuzi 80 hadi 90 hivi za Selsiasi. Hewa ikinaswa humo, mzunguko hukatika, sehemu ya silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) hukosa maji, na geji ya joto yaweza kudanganya kwa kuwa kihisi chake kimezungukwa na hewa.

Hasara hiyo iliwahi kunipata: gari langu lilijazwa maji harakaharaka, hita ya ndani ya gari, inayopata joto kutoka kwa maji hayo, ikapuliza ubaridi ilhali injini inachemka, nami sikuitambua ishara hiyo mpaka gasketi (kizibo kilicho kati ya silinda hedi na injini) ilipoungua.

Kazi yenyewe yataka subira tu. Injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto kifuniko kisiguswe kamwe, kwani maji yenye mgandamizo hufoka na kuunguza vibaya), pua ya gari iinuliwe, kifuniko kifunguliwe, hita iwekwe kwenye joto la juu, maji yajazwe taratibu, na skrubu ya kutolea hewa ilegezwe kama ipo; kisha injini iachwe ingurume bila kukanyagwa mafuta, maji yakiongezwa kila yanaposhuka, hadi mpira wa juu wa rejeta upate moto na mapovu yakome. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha gari, kiwango kikaguliwe tena.

Msomaji wenu