Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kapsuli 30 kwa mwezi hazitoshi kutibu OCD

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia wewe na kila aliyeshika wadhifa kama wako. Hoja yetu ni dozi. Mwongozo wa tiba unapoweka ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia (OCD) na sonona chini ya dozi moja, dawa ya fluoksetini miligramu 20 kwa siku, mgonjwa wa sonona mara nyingi hupata nafuu. Mwenye OCD, anayevamiwa na mawazo asiyoyataka na kulazimika kutenda au kuwaza jambo fulani ili atulie, mara nyingi habadiliki. Baada ya miezi miwili faili lake linaandikwa kwamba dawa imeshindwa, kisha anahamishiwa dawa nyingine kwa dozi ya chini vilevile. Dawa ya kwanza haijashindwa, ila haijafikishwa mahali inapofanyia kazi.

Kwa OCD, fluoksetini huanza na miligramu 20 na hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa hadi 40 au 60, na kikomo ni 80. Sertralini huanza na 50 na huweza kufika 200. Fluvoksamini huanza na 50 usiku na huweza kufika 300. Ikizidi 100 kwa siku hugawanywa mara mbili. Sitalopramu haifai kuwa dawa pekee ya kundi hili, la dawa zinazoongeza kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, kwenye stoo, kwani haitakiwi kuvuka miligramu 40, au 20 kwa waliozidi umri wa miaka 60, kwa sababu huweza kuvuruga umeme wa moyo. Tabibu anakwama kabla hajafika dozi anayoihitaji.

Sasa tazama dirisha la dawa. Kapsuli moja ya fluoksetini kwa kawaida ni miligramu 20. Mgonjwa wa miligramu 60 anameza tatu kwa siku, yaani 90 kwa mwezi wa siku 30. Kama stoo imekadiriwa kapsuli 30 kwa kila mgonjwa, huyu anamaliza mgawo wake siku ya kumi, au anajipunguzia mwenyewe ili umfikishe mwisho wa mwezi. Tabibu akishaona hivyo mara kadhaa, anaacha kupandisha dozi. Kosa lililoanzia kwenye karatasi linageuka kuwa mazoea ya kliniki, na kwenye takwimu za matumizi linaonekana kama hitaji halisi, hivyo agizo la mwaka unaofuata linarudia kiasi kilekile.

Muda nao unahitaji kuandikwa waziwazi. Jaribio halali la dawa ni wiki 8 hadi 12, na ndani yake wiki 4 hadi 6 ziwe kwenye dozi ya juu kabisa ambayo mgonjwa anaistahimili. Kichefuchefu, kichwa kuuma, kukosa usingizi na kutotulia huja wiki mbili za mwanzo, nafuu huja baadaye sana, na wengi huacha dawa hapo katikati. Asiyeelezwa mapema ataamini kwamba dawa inamdhuru. Walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu kuhusu mawazo ya kujiua, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Kabla ya kidonge cha kwanza, kila mgonjwa aulizwe kama amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kutohitaji usingizi, kwa sababu kwa mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) dawa hizi zikitolewa peke yake zinaweza kuamsha kipindi kingine.

Wagonjwa wanaopotea kirahisi zaidi ni wale ambao matendo yao yote yako kichwani. Hawanawi mikono mara hamsini wala hawarudi kukagua mlango. Wanarudia tukio akilini, wanajihoji, wanahesabu, wanajihakikishia. Wakifika kliniki husema tu kwamba wanawaza sana. Mwenye sonona naye hutafuna mawazo, lakini yake kwa kawaida huzunguka hasara, hatia na kutojithamini, ilhali mwenye OCD anasaka uhakika ambao haupatikani: je, nilimgonga mtu barabarani? Tunapendekeza swali moja liingizwe kwenye fomu ya mahojiano: je, kuna wazo linalokurudia bila wewe kulitaka, na kuna kitu unachofanya au kukirudia moyoni ili litulie? Wapo wenye hali zote mbili, na hao dozi yao ifuate OCD.

Kisha kuwe na kipimo. Mizani ya Y-BOCS, inayopima ukali wa OCD, ina alama 0 hadi 40, na mhudumu aliyefundishwa anaweza kuitumia bila mashine yoyote. Mgonjwa aliyeshuka kutoka 28 hadi 18 bado atakuambia kwamba anawaza, na anasema kweli. Lakini amepungua kwa zaidi ya theluthi, kiwango ambacho katika tiba ya OCD huhesabiwa kuwa mwitikio mzuri. Bila namba hiyo, dawa inayofanya kazi inabadilishwa.

Diazepamu haitibu OCD. Inatuliza kwa saa chache, inazoesha mwili, na inaweza kudhoofisha tiba ya mazungumzo ya kukabili hofu bila kutenda tendo la kujituliza, tiba ambayo ingepaswa kwenda sambamba na dawa kila inapowezekana. Amitriptilini nayo hutolewa kwa kuwa ni ndugu wa klomipramini, dawa nyingine inayotibu OCD. Undugu huo hausaidii: klomipramini inaongeza kazi ya serotonini kwa nguvu, amitriptilini haifikii hapo.

Klomipramini yenyewe imekuwamo kwa miaka mingi katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu. Iwepo, lakini kama hatua ya pili. Huanza na miligramu 25, hupanda polepole, na haivuki 250 kwa sababu ya hatari ya degedege. Mwenye tatizo la moyo apimwe umeme wa moyo kwanza. Hukausha kinywa, hufunga choo, na ikimezwa kwa wingi inaua. Mwenye hatari ya kujiua apewe ya wiki moja tu kwa wakati mmoja. Fluoksetini na fluvoksamini huipandisha kwenye damu, na fluoksetini hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, kwa hiyo kubadilisha moja kwa nyingine kunahitaji subira.

Ikiwa dozi kamili na muda kamili havikutosha, huongezwa dozi ndogo ya dawa ya saikosisi: risperidoni miligramu 0.5 hadi 2, au aripiprazoli 5 hadi 15. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hunufaika. Wasionufaika ndani ya wiki 6 hadi 10 waachishwe. Tunawaona wengi wakibaki na risperidoni miaka nenda rudi, uzito na sukari vikipanda, bila aliyeuliza inafanya nini.

Aliyepata nafuu aendelee mwaka mmoja hadi miwili, kisha dozi ipunguzwe asilimia 10 hadi 25 kila mwezi mmoja au miwili. Paroksetini, dawa ya kundi moja na fluoksetini, ikikatika ghafla huleta kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani. Fluoksetini hutoka mwilini taratibu, na hiyo ni sababu tosha ya kuifanya dawa ya msingi mahali ambapo stoo hukauka.

Tunaomba mwongozo uipe OCD ukurasa wake, wenye dozi, muda na kipimo. Nayo bohari ibadilishe hesabu: wagonjwa 100 wa OCD walio kwenye miligramu 60 wanahitaji kapsuli 9,000 kwa mwezi, si 3,000.

Wako katika huduma,
Wafamasia, matabibu na wauguzi wa afya ya akili